Matuta ya Mzee Delmiro

Sehemu ya Kumi na Moja

Nilijua mngeniandama. Wiki nzima simu ya gazetini haikunyamaza, na muuza mkate wa mtaani kwetu alikataa kuniuzia mkate mpaka nimwambie kama Bibi Erundina yu hai. Sikumwambia. Nilikula biskuti siku saba ili leo tujue sote kwa pamoja.

Basi twende mbio, maana toroli halisubiri mtu.

Pini ya winchi ilikatika, tak! Waya ukaruka hewani kama mjeledi, ukampita Aldara sikioni, na toroli la reli likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mto Sil, mita mia mbili chini. Juu ya toroli kulikuwa na kreti kumi na moja za zabibu. Juu ya kreti alikaa bibi yake, Erundina, miaka themanini na moja, aliyekuwa ameomba lifti kwa sababu magoti yake yamegoma kupanda.

"Bibiii!"

"Mama! Breki! Vuta breki!" alipayuka Amancio, baba yake Aldara, kutoka tuta la juu.

"Breki ipi?" sauti ya Bibi iliuliza, ikizidi kuwa ndogo.

Hakukuwa na breki. Amancio alikuwa ameahidi kuifunga tangu Pasaka.

Aldara aliruka. Kutoka tuta hadi tuta, ukuta wa mawe hadi ukuta wa mawe, alishuka mlima ule kama mbuzi aliyeona chui. Wachumaji wanane walisimama na mikasi mikononi, midomo wazi. Mmoja wao, fundi mawe mnene, alijirusha mbele kulishika toroli. Akabaki na kitambaa cha kichwa cha Bibi mkononi.

Kwenye kona, pale reli inapopinda, toroli halikupinda.

Liliacha reli. Likapaa. Likaingia katika msitu wa miiba kwa kishindo kilichowarusha ndege wote wa bonde lile, na miiba ikajifunga nyuma yake kama pazia.

Kimya.

Na tazameni bahati mbaya ilivyo na macho. Katika mteremko mzima, toroli lilichagua kuangukia sehemu moja tu ambayo familia ya Aldara ilikatazwa hata kuitazama. Matuta ya Mzee Delmiro!

Wageni wa ukurasa huu niwaambie haraka. Miaka mitatu iliyopita Aldara aliacha kazi yake mjini Ourense, alikokuwa akitengeneza meno ya bandia, akarudi kufufua mashamba ya mizabibu ya ukoo wake yaliyoachwa miaka arobaini. Yeye na baba yake walifyeka miiba kwa panga, wakainua kuta jiwe kwa jiwe, wakapata mizabibu mikongwe ingali hai. Kitu kimoja tu kiliwakwama kooni. Katikati ya mteremko, kati ya matuta yao ya chini na barabara ya juu, kuna kipande cha Delmiro. Reli inapita humo. Na juzi Delmiro alileta barua ya mstari mmoja: mavuno yakiisha, reli ing'olewe.

Bila reli, matuta ya chini yamekufa. Nani atabeba kreti za kilo ishirini mgongoni, mita mia mbili juu, pahali ambapo hata paka hupumzika njiani?

"Hizo sehemu zimekwisha," Delmiro alikuwa ametangaza baani mbele ya watu wote. "Kwangu ni miiba mitupu. Na anayerudi kulima kule ni mpumbavu."

Sasa Aldara aliingia katika miiba hiyo na panga, akikata kushoto, akikata kulia, mashavu yakichanika. "Bibi! Nijibu, Bibi!"

Hakuna jibu.

Alipasua tawi la mwisho, akaanguka kwa magoti upande wa pili. Akaona nyekundu.

Nyekundu kwenye mawe. Nyekundu kwenye aproni. Bibi yake ameketi katikati ya mbao zilizovunjika, nywele nyeupe zimekuwa nyekundu, uso mwekundu, mikono inatiririka mpaka kwenye viwiko.

"Mungu wangu," Aldara alinong'ona. "Damu."

Bibi Erundina alifumbua jicho moja. Akakiinua kidole polepole. Akakilamba.

"Hii," alisema, "imeiva kuliko yetu."

"Bibi!"

"Usinikumbatie, utachafuka. Hebu angalia nyuma yangu, mjukuu wangu. Niambie kama nimekufa ama ninaona vizuri."

Aldara aliangalia. Panga likamtoka mkononi.

Miiba ilikuwa pazia kweli. Mita mbili tu za unene, kisha basi. Nyuma yake yalijipanga matuta matatu safi kama sebule ya padri. Kuta zimenyooka. Hakuna jani la gugu. Na mizabibu mikongwe, minene kama mapaja ya mtu, imepogolewa kwa mkono wa mtaalamu, imeinama kwa uzito wa vichala vyeusi ti.

Toroli lilikuwa limeponda vichala vya tuta la kwanza, juisi ikamwogesha Bibi, kisha likatua juu ya rundo la matawi makavu yaliyopogolewa, laini kama godoro. Kando ya rundo alisimama mtu. Mrefu, mkavu, miaka themanini na mitatu, aproni kiunoni, mkasi wa kuchumia mkono wa kushoto, mkono wa kulia umefungwa kwa skafu shingoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

"Ondokeni kwangu," alisema Mzee Delmiro.

"Kwako?" Bibi Erundina aligeuza shingo. "Si ulisema kwako ni miiba?"

"Ni miiba."

"Hii ni miiba?" Bibi aliokota kichala kilichopondeka, akakiinua juu. "Delmiro, mwiba wako una zabibu!"

Kufikia hapo Amancio na wachumaji walikuwa wameshapenya. Walimwona Bibi mzima, wakapiga makofi. Wakaona matuta, makofi yakafia hewani. Kisha fundi mawe akaanza kucheka, na kicheko kile kikawaambukiza wote mmoja mmoja.

"Mzee! Kumbe wewe nawe ni mpumbavu mwenzetu!"

"Anayerudi kulima kule..." mwingine aliigiza sauti ya Delmiro, kidole juu.

Masikio ya mzee yalishika moto. Alijaribu kuwatazama kwa ukali, akashindwa, akaketi juu ya ukuta.

"Miaka kumi na tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuja kwa mtumbwi alfajiri, kutoka ng'ambo. Nilishasema mbele ya watu kwamba pamekwisha. Ningerudije tena baani kusema hapajaisha? Nikaiacha miiba ya mbele ikue. Mtu asione."

"Na mkono huo?" Aldara aliuliza.

"Bega. Nilianguka Jumatatu."

Aldara alitazama vichala. Alitazama bega. Alitazama mbingu upande wa magharibi, ambako wingu la kijivu lilikuwa limeanza kukaa juu ya mlima kama kofia. Redio ilikuwa imesema mvua ya mawe kesho asubuhi. Hapo akaona mlango wa kuiokoa reli.

"Mzee Delmiro," alisema taratibu, "zabibu hizi huwezi kuzichuma peke yako."

"Nitazichuma."

"Kwa mkono mmoja? Mpaka kesho asubuhi?"

"Nina meno."

"Huna," alisema Aldara. "Nimeyatengeneza mimi."

Wachumaji walianguka chini kwa kicheko. Delmiro mwenyewe alifunga mdomo haraka.

"Sikiliza, mzee wangu. Sisi tuko kumi. Tumebakiza tuta moja tu. Tutachuma zako zote leo, kabla jua halijazama, na hatuchukui hata kichala kimoja. Wewe tuachie reli. Siyo mwaka huu tu. Daima."

Delmiro aliangalia reli, kisha vichala vyake. Mto ulisikika chini. Aldara alihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu...

"Hapana," alisema Delmiro.

"Hapana?!" Amancio aliruka. "We mzee, una akili? Mvua ya mawe inakuja!"

"Nina sharti." Delmiro alisimama. Hakumtazama Amancio wala Aldara. Alimtazama Erundina, mwekundu, kalowa, ameketi juu ya matawi kama malkia aliyepinduliwa. "Huyu aseme. Hapa, mbele ya watu. Kwa nini aliniacha katikati ya ngoma."

"Ngoma gani?" Aldara aliuliza.

"Ngoma ya sikukuu ya Mtakatifu Martino!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Miaka sitini na miwili! Nilikuwa nimemshika mkono. Bendi inapiga. Kijiji kizima kinatutazama. Mara akaniachia, akakimbia. Hakurudi! Nilisimama pale kama mlingoti! Na mwaka wa tano akaolewa na Benigno, rafiki yangu mwenyewe!"

Loh! Kumbe barua ile ya mstari mmoja haikuwa ya reli hata kidogo. Ilikuwa ya ngoma. Hata Amancio, ambaye Benigno huyo marehemu alikuwa baba yake, alikuwa amesahau mvua ya mawe.

Bibi Erundina alikuna kichwa. Alitazama watu, akamtazama Delmiro, akatazama watu tena.

"Lazima niseme?"

"Lazima."

"Mbele ya huyu fundi mawe? Ana mdomo huyu."

"Sema, Bibi!" walipiga kelele wote kumi, fundi mawe akiongoza.

"Mpira wa sketi yangu ya ndani ulikatika!"

"Nini?" alisema Delmiro.

"Mpira! Ulikatika! Wewe ulinizungusha kwa nguvu kama unakamua nguo, nikasikia pwap! Sketi ya ndani ikashuka mpaka magotini. Ningefanya nini? Ningekuambia, 'Samahani, Delmiro, nishikie sketi'? Nilikimbia nimeibana kwa mapaja mpaka nyumbani, natembea kama bata! Kesho yake nikakutana nawe kisimani, ukanigeuzia mgongo. Nikajua uliona. Nikajua unanicheka na wenzako!"

"Sikuona kitu!" Delmiro alikuwa ametoa macho. "Mimi nilidhani ni vitunguu saumu!"

"Vitunguu saumu vipi?"

"Nilikuwa nimekula supu ya vitunguu saumu jioni ile. Nikajua nanuka mdomo. Erundina, tangu siku ile sijala kitunguu saumu. Miaka sitini na miwili! Hata pweza nakula bila!"

Nani angejizuia? Wachumaji walishikana mabega, wengine wakalala kifudifudi juu ya kuta. Amancio alilia machozi. Aldara alishika mbavu zake akidhani zitavunjika. Na katikati ya ghasia ile walisikia sauti waliyokuwa hawajaisikia kamwe, kama mlango wa ghala usiofunguliwa siku nyingi. Mzee Delmiro alikuwa anacheka.

"Mpeni soseji!" aliamuru Bibi. "Ile yenye saumu! Mpeni nzima!"

Wakampa. Akaila kwa macho yaliyofumbwa, na mafuta yakimchirizika kidevuni.

"Reli ibaki," alisema mdomo ukiwa umejaa. "Jumatatu twende kwa wakili niandike. Na matuta haya matatu pia myachukue. Sina mtoto. Nani atayapogoa nikifa? Kwa sharti moja."

"Sharti jingine tena?" Amancio aliguna.

"Nimalizie ngoma yangu."

Jamani! Mmewahi kuona watu wakicheza ngoma kwenye tuta lenye upana wa mita moja, upande huu ukuta, upande ule shimo mpaka mtoni? Fundi mawe alipiga ndoo. Amancio alipiga kreti. Delmiro alinyoosha mkono wake mmoja mzima, Bibi Erundina akainuka na magoti yake yaliyogoma, na wakazunguka. Polepole, kwa hatua ndogo, aproni kwa aproni.

"Usinizungushe kwa nguvu!" Bibi alionya.

"Mpira uko imara?"

"Siku hizi navaa suruali ndani!"

Kisha kazi. Na kazi gani! Aldara hakukumbuka mavuno mengine kama hayo. Mikasi ililia tik-tik-tik. Vichala viliangukia kreti kama mvua. Walirudisha toroli relini kwa mabega, Amancio akafunga pini mpya na, hatimaye, breki. Walikula mkate wa jodari wakiwa wamesimama. Waliimba. Delmiro alikwenda huku na huko akitoa amri kwa mkono wa kushoto, hakuna aliyemsikiliza, na yeye hakujali. Kufikia saa kumi alasiri tuta la kwanza na la pili yalikuwa matupu, na la tatu limebaki nusu.

Aldara alijifuta jasho akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa anachuma na wimbo mdomoni, nywele zingali nyekundu, na kila baada ya muda anamtupia Delmiro zabibu moja kichwani. Aldara aliwaza kwamba mtu akifa leo kwa furaha isiwe ajabu.

Laiti angejua!

Chini mtoni boti ya watalii ilitokea kwenye kona. Hupita kila siku, na kila siku mwongoza watalii hutangaza habari zile zile kwa kipaza sauti. Wachumaji walipunga mikono. Watalii walipunga mikono, wakampiga picha Bibi mwekundu.

Lakini leo boti haikupita. Ilipunguza mwendo. Ikageuka. Ikaja moja kwa moja kwenye gati la mawe chini ya matuta.

Kipaza sauti kilikohoa, na sauti ya mwongozaji ikajaa bonde zima, ukuta hadi ukuta:

"Samahani kwa wanaovuna hapo juu. Tuna abiria hapa anamtafuta mume wake. Narudia, anamtafuta mume wake. Bwana Delmiro Feijoo, kama upo, mkeo amefika."

Wimbo wa Bibi ulikatika katikati.

Watu wote waligeuka kumtazama Delmiro. Delmiro aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba huko kuna Delmiro mwingine.

"Mke?" alisema Bibi Erundina.

"Sina mke! Erundina, naapa kwa macho yangu! Mimi hata mpaka wa Ureno sijawahi kuvuka!"

Lakini mwanamke alikuwa ameshashuka. Kofia ya majani, nguo ya njano, sanduku dogo mkononi, miaka sabini na kitu na anapanda ngazi za mawe bila kushika pahali. Alipofika juu hakuhema hata kidogo.

"Zoraida," alijitambulisha kwa lafudhi ya Karakasi, ng'ambo ya bahari, ile ya kuimba-imba. "Nimesafiri siku mbili. Kijijini wameniambia Delmiro Feijoo bado anapumua, na matuta yake ndiyo haya. Ni yupi?"

Vidole kumi vilimwonyesha.

Zoraida alimkaribia mzee, akamzunguka, akamwangalia kama anayenunua ng'ombe. "Umerefuka," alisema kwa mashaka. "Na masikio yamepungua. Lakini miaka hamsini na minane si mchezo. Ulisema unakwenda kununua sigara, mwanamume wewe!"

"Mama, mimi sikufahamu!"

"Hunifahamu? Basi hiki utakifahamu." Alifungua sanduku, akatoa bahasha. "Cheti cha ndoa, jina lako hili hapa. Na picha ya harusi. Matuta haya uliniahidi siku ile ile, mbele ya padri. Nimekuja kuchukua nusu yangu."

Moyo wa Aldara ulidondoka kama toroli. Nusu ya matuta? Na reli je? Na Jumatatu kwa wakili?

Delmiro alinyakua picha kwa hasira, mdomo tayari kukanusha. Akaitazama.

Mdomo ulibaki wazi. Aliitazama tena, karibu na macho. Rangi ikamtoka usoni mpaka shingoni. Kisha, polepole sana, aliinua macho akamtazama Erundina, na Aldara aliyekuwa karibu aliona katika macho yale kitu ambacho hakikuwa hofu. Kilikuwa huruma.

"Ndiyo," alisema Delmiro kwa sauti iliyopwaya. "Ni kweli. Ni mimi huyu. Huyu ni mke wangu."

Fundi mawe aliangusha kreti.

Uso wa Bibi Erundina, chini ya ile nyekundu yote, ulikuwa mweupe.

"Kwa nini unadanganya, mzee?" Aldara alinong'ona. Alishika ukingo wa picha. Delmiro aling'ang'ania, kichwa kikitikisika: usitazame, mtoto, usitazame. Lakini mkono mmoja wa mgonjwa haukuweza kushindana naye. Picha ikamjia.

Bibi harusi alikuwa Zoraida, kijana, anacheka. Na bwana harusi, aliyesimama kando yake na ua kifuani, hakuwa Delmiro. Alikuwa mfupi. Alikuwa na masikio makubwa. Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya juu, mwanya ule ule ambao Aldara anauona kila asubuhi kwenye kioo.

Babu Benigno.

Babu, marehemu, mume wa Bibi Erundina, alioa huko Karakasi kwa jina la rafiki yake!

Aldara aliibana picha kifuani. Alihisi watu wote wanamtazama. Nyuma yake alisikia matawi makavu yakivunjika, hatua moja, kisha nyingine, za magoti yaliyogoma.

"Niliambiwa nina macho mabovu," alisema Bibi Erundina, akinyoosha mkono wake mwekundu juu ya bega la mjukuu wake. "Lakini harusi ni harusi. Hebu lete, nimwone huyo bwana."